Kifungu (c) cha Swali la Maalim

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino, na hilo likawa kosa langu la kwanza katika Baraza la Wawakilishi. Jengo la wakati ule lilikuwa mjini, la zamani, na sakafu yake ilikuwa ya mbao. Kila hatua niliyopiga ukumbi mzima uliisikia. Mkuu wa Chumba cha Chapa, mama mmoja mnene aliyefunga miwani yake kwa kamba shingoni, alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, kisha akasema, "Bi Zuhura, humu ndani wanaosikika ni Waheshimiwa. Sisi hatusikiki. Kesho njoo na makubadhi." Kesho yake nikaja na makubadhi.

Vijana wa ofisi niliyoiacha wameniomba niwaandikie namna kazi ilivyokuwa ikifanywa zama zetu. Nimekawia kuwajibu. Si kwamba nimesahau, ila kazi ile ilinichosha kiasi kwamba hata kuikumbuka kunanichosha. Wao wanadhani nitawasimulia vituko vya Waheshimiwa, na vituko vipo, lakini ninalotaka kuwaambia ni jambo moja tu, na hilo haliwezi kueleweka bila ya kuieleza kazi yenyewe. Kwa hiyo nivumilieni.

Chumba cha chapa ndicho kilichoandaa Taarifa Rasmi, yaani kitabu kinamoandikwa kila neno linalosemwa ukumbini. Siku hizi mashine hunasa sauti na kompyuta huiweka sawa. Sisi tulikuwa na kanda. Unavaa visikizio, unakanyaga pedali, kanda inakwenda. Hukusikia, unakanyaga nyingine, inarudi. Mwakilishi akizungumza na karanga mdomoni unaweza kuirudisha kanda mpaka ikakatika. Watu wakicheka tuliandika "Kicheko" ndani ya mabano, wakipiga meza tuliandika "Makofi". Waliolala hatukuwaandika popote, na huo ndio ulikuwa wema wetu kwao.

Baadaye nikahamishiwa upande wa kamati. Karani wa kamati hufuatana na Wajumbe wanapokwenda kukagua, hubeba daftari na huandika ripoti. Nimesimama na Waheshimiwa kwenye soko la Mkokotoni, harufu ya samaki imetushika hadi kwenye nguo, wakiuliza barafu iko wapi na Mkurugenzi anajibu kuwa suala hilo linafanyiwa kazi. Nimesimama nao Paje, kina mama wa mwani wanatuonyesha vidole vilivyopasuka kwa chumvi, na Mkurugenzi mwengine anajibu yale yale, kwa sauti ile ile, utadhani wamesoma darasa moja. Katibu wa Kamati, mtu mkavu asiyecheka, alinifundisha kuandika "Kamati iliridhika kwa kiasi". Nilimuuliza kiasi gani. Akaniambia, "Kiasi cha kutugombanisha na mtu yeyote, hicho usikifikie."

Nikiwa mtu mzima tayari, na watoto wangu wameshaanza skuli, ndipo nilipopelekwa Ofisi ya Maswali, na huko ndiko nilikokaa hadi nastaafu.

Watu wengi wanadhani Mwakilishi anasimama tu ukumbini na kumuuliza Waziri linalomjia kichwani. Hakuna kitu kama hicho. Swali la msingi huletwa kwetu kwa maandishi, wiki kadhaa kabla. Karani wa maswali hulisoma na kulipima na Kanuni: liwe swali na lisiwe hotuba, lisitaje mtu kwa jina, lisiwe na tuhuma ndani yake. Likiwa na sehemu zaidi ya moja, hupangwa kwa vifungu, (a), (b) na (c). Likishasafishwa, mwenyewe hulitia saini, linakwenda wizarani, na wizara inaandaa jibu. Siku ya siku Mwakilishi husimama na kusema tu, "Mheshimiwa Spika, naomba swali langu lijibiwe." Waziri husoma karatasi. Baada ya hapo muulizaji ana haki ya swali la nyongeza, hilo la mdomo, ambalo Waziri hajaliona. Kila Waziri niliyemfahamu aliliogopa hilo zaidi ya yote.

Mkuu wa Ofisi ya Maswali alikuwa mwanasheria mpole aliyekunywa chai ya tangawizi kutwa. Siku aliyonipokea aliniambia, "Sisi si Serikali, wala si Wajumbe. Sisi ni chujio. Ukichuja sana, unawapa watu maji ya moto. Ukichuja kidogo, wanakunywa majani. Umenifahamu?"

"Nimekufahamu, Bwana Mkuu."

"Hujanifahamu. Utanifahamu siku utakayokosea."

Kila wizara ilikuwa na afisa kiungo, mtu wa kuchukua maswali kwetu na kuturudishia majibu. Wa wizara moja, ambayo siitaji na ambayo baadaye iligawanywa na kubadilishwa jina, alikuwa bwana mmoja mstaarabu, mwingi wa mzaha. Alikuwa akituletea majibu mapema kuliko wenzake wote. Hilo si jambo dogo. Majibu yakichelewa, orodha ya shughuli za siku haichapwi, na orodha isipochapwa anayeitwa kwa Katibu wa Baraza ni karani. Kwa hiyo yule bwana tulikuwa tunamlea. Akinipigia simu kuniambia, "Bi Zuhura, kifungu hiki kinatutia tabuni, hebu kitazame," nilikuwa nakitazama. Sikuwahi kupewa chochote, hata soda. Tulikuwa tunasaidiana tu, na kusaidiana kwenyewe ndiko kulikoniharibu.

Sasa nakuja kwa Maalim. Alikuwa Mwakilishi wa jimbo moja la kaskazini, mwalimu mstaafu wa skuli ya msingi, ndiyo maana tukamwita Maalim hata baada ya kuwa Mheshimiwa. Wenzake walileta maswali yaliyochapwa na wasaidizi. Yeye alileta yake kwa mkono, kwa mwandiko wa ubaoni, herufi zimesimama sawasawa, na alikuwa akiniamkia ingawa yeye ndiye mkubwa. Nikimwambia, "Maalim, unantia dhambini, mie ndo wa kukuamkia," hujibu, "Weye ndo mwenye ofisi, bibi. Shikamoo ofisi." Nami nacheka, namwamkia kwa heshima yake, naye anaitikia marahaba.

Swali lake lilihusu kituo cha afya cha kijiji kimoja cha jimbo lake. Kifungu (a) kiliuliza kama kituo kina mkunga. Kifungu (b) kiliuliza kama mkunga huyo ana vifaa vya kazi. Kifungu (c), ninakikumbuka kwa herufi zake, kilisema: "Je, baada ya saa tisa za mchana kituo kinapofungwa, nani anawazalisha kina mama, au Serikali inataka wajizalishe wenyewe?"

Ulikuwa msimu wa bajeti, mezani kwangu maswali yamefika kidevuni. Yule afisa kiungo akapiga simu.

"Bi Zuhura, hiki kifungu (c) cha Maalim, wallahi Waziri hana la kujibu."

"Kwani mkunga halali kijijini?"

"Analala mjini, na nyumba ya kukaa huko hana. Sasa hilo tukalisome ukumbini? Halafu mwenyewe huoni, mna tuhuma mle ndani. Wajizalishe wenyewe! Kanuni zako zinasemaje?"

Kanuni zilisema tuhuma itolewe. Tuhuma ilikuwa katika maneno yale ya mwisho tu. Ningepiga mstari juu ya "au Serikali inataka wajizalishe wenyewe", swali lingebaki zima na halali, na Waziri angelazimika kulijibu. Hilo nililijua vizuri kama ninavyolijua jina langu. Lakini nilikuwa nimechoka, majibu ya wizara ile nayataka siku ile ile, na bwana yule ananisubiri kwenye simu. Nikapiga mstari kifungu chote. Haikuchukua muda hata wa kukohoa.

Maalim alipokuja kutia saini, nikamwekea karatasi iliyochapwa upya. Alipapasa mfuko wa koti, miwani hakuja nayo.

"Weye umelitazama?" akaniuliza.

"Nimelitazama, Maalim. Liko sawa na Kanuni."

"Basi mie nsome nini tena," akasema, akatia saini kwa mwandiko wake ule mzuri.

Siku ya swali nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha makarani nyuma ya Mpambe, yule anayebeba siwa ya Spika. Waziri akasimama: "Mheshimiwa Spika, kwa ruhusa yako, naomba kumjibu Mheshimiwa Mwakilishi swali lake lenye vifungu (a) na (b) kama ifuatavyo." Nikamwona Maalim anainua kichwa. Waziri akasoma kuwa kituo kina mkunga mmoja aliyeajiriwa na Serikali, ana vifaa vyote vya lazima, na huduma ya mama na mtoto inapatikana siku zote za kazi. Hapakuwa na neno hata moja la uongo. Ukumbi ukapiga meza.

Nafasi ya nyongeza ilikuwa yake. Nikajiambia, alhamdulillahi, hapa atakiuliza mwenyewe kwa mdomo, na mimi nitakuwa nimesalimika. Lakini kuna ada moja ya ukumbi ule ambayo hakuna Kanuni iliyoiandika. Anayesimama lazima ashukuru kwanza. Maalim, mtu wa adabu, akamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kumjaalia uzima. Akamshukuru Mheshimiwa Spika kwa kumpa nafasi. Akamshukuru Waziri kwa majibu mazuri, akampongeza Naibu wake, akawashukuru wananchi wa jimbo lake kwa kumuamini, akaanza kuwataja wanawake na wazee wake. Nilikuwa nayabana makubadhi yangu sakafuni. Uliza, Maalim, uliza. Spika akagonga nyundo. "Mheshimiwa, muda wako umekwisha. Tunaendelea." Maalim akabaki amesimama kidogo na mdomo wazi, kisha akasema, "Nashukuru, Mheshimiwa Spika," akakaa.

Swali likaandikwa kwenye rejista yetu kuwa limejibiwa. Na swali lililokwisha kujibiwa halirudi tena ukumbini mpaka muda wake uliowekwa upite. Mlango nikaufunga hivyo, kwa muhuri wangu.

Ilikuwa baada ya miezi michache, Maalim akaja ofisini. Hakuniamkia siku hiyo. Nikamkaribisha kiti, akakaa. Nikamwagizia maji, hakuyanywa.

"Jirani yangu kafa," akasema. "Mtoto wa kike, mimba ya kwanza. Uchungu ulimshika adhuhuri. Wamefika kituoni saa kumi, kufuli. Wamehangaika na gari mpaka magharibi. Kafa yeye na mtoto wake."

Nikasema inna lillahi.

"Nnataka unambie kitu, Bi Zuhura. Nnalala, nnaamka, nalifikiri lile swali. Mie nlitia kifungu cha tatu? Kile cha saa tisa? Maana pale ukumbini nlisikia viwili. Nkasema, basi nimesahau mwenyewe. Uzee huu. Na nyumbani mamaake marehemu ananiuliza, Maalim, uliwauliza? Mie nnashindwa kumjibu. Nlikitia au sikukitia?"

Karatasi yake ya mkono ilikuwa kwenye faili, na faili lilikuwa kwenye kabati nyuma yangu. Nilikuwa na haja ya kugeuka tu.

Nikamwambia, "Sikumbuki, Maalim. Maswali ni mengi."

Akanitazama. Akatikisa kichwa polepole. "Basi nlisahau," akasema. "Nlisahau mie." Akainuka, akaniaga vizuri, akaondoka na lile kosa langu amelibeba yeye.

Nimewaona Mawaziri wengi wakikwepa maswali. Nimewacheka, nimewasema vibaya mezani kwa chai pamoja na wenzangu. Mimi niliulizwa swali moja tu katika miaka yote ile, na mzee aliyekuja kuniuliza nikamjibu kama wao. Tangu siku hiyo kazi ilinitoka moyoni. Niliifanya, nilipandishwa cheo, nikafika kukalia kiti cha Mkuu wa Ofisi na kuwafundisha wengine kuchuja. Nilikuwa nachoka asubuhi, kabla sijaanza.

Maalim hakugombea tena. Kijiji kile kilipata mkunga wa kukaa palepale, baada ya Mwakilishi aliyemfuata kupiga kelele kwenye kamati. Nilifurahi, nikadhani mambo yamekwisha. Baadaye nikasikia mkunga huyo amehamishwa na nyumba yake imefanywa stoo.

Walinistaafisha kwa sherehe katika ukumbi mdogo wa jengo jipya, nje ya mji. Wajumbe wana vishikwambi sasa, maswali yanakuja na kwenda bila karatasi. Katibu wa Baraza alisoma cheti kinachosema nimetumikia kwa uadilifu. Nilipofika kwenye neno hilo nyumbani, nikikisoma cheti mwenyewe, nilikaa chini. Nikamwambia mume wangu, "Kesho nipeleke kaskazini." Hakuniuliza ya nini. Tumekaa pamoja muda mrefu, anaujua uso wangu.

Maalim tulimkuta barazani kwake, amekonda, macho yamefifia, lakini sauti yangu aliitambua mara moja. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamwambia yote. Sikuficha simu, sikuficha mstari, sikuficha kabati nililokataa kulifungua. Nilipomaliza aliipapasa bakora yake.

"Kwa hivyo nlikitia," akasema.

"Ulikitia, Maalim."

"Alhamdulillahi." Akarudia tena, alhamdulillahi, na machozi yakamtoka mzee wa watu. "Mie nimejilaumu, bibi. Nimejilaumu we."

"Nisamehe, Maalim."

"Mie nshakusamehe. Lakini swali halikuwa langu lile, mie nlitumwa. Aloniagiza nyumba yake ile pale, yenye mlango wa bluu. Mamaake marehemu. Nenda kamwambie yeye kama ulivyoniambia mie."

Nilikwenda peke yangu. Njia nzima nilitamani safari ile isifike. Nikapiga hodi, nikakaribishwa. Mama mwenyewe alikuwa mtu wa makamo yangu, kajifunga kanga kiunoni, anatoka na kuingia chumba cha nyuma kwa haraka, kama mwenye jambo jikoni. Nikajitambulisha. Nikaanza kumwambia kuwa mimi ndiye niliyekuwa karani wa maswali, na kwamba lile swali lake la kituo, mimi ndiye niliyelikata. Aliacha kutembea. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono juu ya mwimo wa mlango. Nilisubiri anitukane. Nilitaka anitukane.

"Umekuja na gari?" akaniuliza.

Nikasema nimekuja na gari, iko kwa Maalim.

"Haya. Hayo yako ntayasikiliza siku nyengine. Ndani mna mkwe wangu, mke wa mwanangu mdogo. Uchungu umemshika alasiri hii, na hapo kituoni wameshafunga. Mwite huyo mwenye gari."

Nilikimbia. Umri huu, nilikimbia njia nzima ya mchanga, namwita mume wangu kwa sauti ambayo sikujua kuwa ninayo. Tukamtia yule binti kiti cha nyuma, mimi upande mmoja na mama mkwe wake upande wa pili, gari ikashika njia ya hospitali. Binti alikuwa mdogo, jasho linamtiririka, ameushika mkono wangu mpaka vidole vimekufa ganzi. Uchungu ulipomwachia kidogo akageuka kunitazama, na nikaona usoni mwake kuwa amepata matumaini.

"Bibi," akasema, "weye mkunga?"

Nikamwambia hapana, mwanangu. Nilikuwa karani.

Akauachia mkono wangu. Kisha uchungu ukaja tena, akaushika.